Mama hakusahau kanga wala rangi, alisahau kanga ipi ina rangi gani: dalili za mwanzo kwa sisi tuliozaliwa kwenye familia zenye Alzheimer

MpindaKanga

Wana jamvi, wakubwa shikamooni, rika langu habari za muda huu. Uzi ni kuhusu mama yangu na Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Ni mrefu, mnivumilie. Nimeuandika kidogo kidogo usiku mama akishalala, maana mchana mikono yangu yote iko kwake.

Mama ameuza kanga Kariakoo kwa miaka 23. Waliowahi kuuza kanga watanielewa upesi: kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Jina moja linatoka kwa rangi nne au tano, na kabati moja linaweza kuwa na majina 60. Mteja anapiga simu kutoka Mbagala, "Mama, Wema hauozi ipo?" Mama hanyanyuki hata kwenye kigoda. "Nyekundu imekwisha tangu Jumanne. Ipo ya kijani yenye korosho, na ya zambarau zimebaki doti tatu." Daftari la madeni alikuwa nalo. Daftari la hayo mengine hakuwahi kulihitaji.

Mwaka 2019, akiwa na miaka 51, mteja wake wa jumla wa Kibiti aliagiza doti 20: kumi za Japo sipati tamaa sikati, za bluu, na kumi za Mama nipe radhi, za njano. Mama akafunga mzigo kwa mkono wake, akamkabidhi konda. Kesho yake mzigo ukarudi. Majina yalikuwa yale yale yaliyoagizwa, na rangi zile zile. Ila Japo sipati ilikuwa ya njano na Mama nipe radhi ya bluu. Mama akaapa kwamba ndivyo alivyoambiwa, na sisi sote tukamlaumu mteja. Baada ya wiki tatu ikatokea tena, na safari hii simu ilikuwa kwenye spika, mimi niko pembeni napinda. Nilisikia kilichosemwa. Nikamtazama mama anavyochomoa doti kabatini: mkono hausiti, uso una uhakika, na anachotoa sicho.

Naomba mlione hili kwa makini, maana ndilo lililonifanya nifungue uzi. Ungemwambia mama ataje majina ya kanga, angekutajia bila kupumua. Rangi zilizopo dukani angezitaja. Kilicholegea ni lile fundo linalofunga jina hili na rangi ile.

Mwaka uliofuata likalegea fundo jingine. Alikuwa kijumbe wa mchezo wa wanawake 15 pale sokoni, anakusanya kila Ijumaa. Akampa mtu mmoja zamu mara mbili. Majina yote 15 anayo, kiasi anakijua, zamu zilizopita anajua ni ngapi. Nani ameshapokea, hapo ndipo palipopotea. Akaitwa mwizi mbele ya watu. Sijapata kumwona mama akilia vile isipokuwa kwenye msiba wa bibi. Tukauza cherehani kulipa.

Hospitali ya kwanza tuliambiwa ana mawazo, akaandikiwa vidonge vya usingizi. Ya pili aliulizwa leo siku gani, mwaka gani, rais ni nani, yuko wilaya gani. Akajibu yote sawasawa na hata akamsahihisha aliyemuuliza kuhusu tarehe. Tukaambiwa ni mzima, turudi nyumbani. Hapo tukapoteza miaka miwili. Sitaji hospitali, sikuja kushitaki mtu. Nasema tu kwamba maswali yale hayakugusa mahali palipokuwa panauma.

Ya tatu tukakutana na daktari wa mishipa ya fahamu aliyeuliza swali moja ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: "Mama yake mzazi alikuwaje?"

Bibi alianza "kuchanganyikiwa" akiwa kwenye miaka 50 na kidogo. Ukoo mzima tuliambiwa mke mwenza kamroga. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa na 53 alipopanda pantoni Feri kwenda Kigamboni, asishuke. Akavuka, akarudi, akavuka, akarudi, kapakata mfuko wa dagaa, mpaka kijana mmoja wa pale akamshika mkono saa kumi jioni na kumuuliza mama unakwenda wapi. Akajibu vizuri kabisa: "Nakwenda Kigamboni." Alipajua anapokwenda. Hakujua kuwa alikuwa ameshafika.

Yule daktari akachora duara tatu nyuma ya fomu ya maabara, moja chini ya nyingine, akaandika umri pembeni ya kila moja. Kisha akasema, "Wote kabla ya 60, na mstari haujaruka kizazi. Hapa sizungumzii mawazo tena." Akatuambia habari ya Auguste Deter, mwanamke aliyelazwa Frankfurt mwaka 1901. Dkt. Alois Alzheimer, ambaye ugonjwa huu umepewa jina lake, ndiye aliyemhudumia, na mwaka 1906 huko Tübingen alieleza mbele ya wenzake alichokikuta kwenye ubongo wake alipofariki. Auguste alikuwa na miaka 51 alipolazwa. Ndio umri aliokuwa nao mama wakati wa ule mzigo wa Kibiti.

Kuhusu kurithi, nilivyoelewa mimi ni hivi. Wagonjwa wengi wa Alzheimer ni wazee, na kwao hakuna jeni moja, yaani chembe ya urithi, inayoamua. Lakini zipo familia chache, hazifiki hata mgonjwa 1 kati ya 100, ambazo ugonjwa unashuka moja kwa moja na unaanza mapema. Jeni zinazojulikana kwa hilo ni tatu: APP iliyo kwenye kromosomu ya 21, PSEN1 kwenye ya 14, na PSEN2 kwenye ya 1. Mabadiliko ya APP yalitambuliwa 1991, hizo mbili 1995. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi 50 kwa 100, wa kike na wa kiume sawa. Damu ya mama kwa ajili ya jeni hatujaipeleka bado, nitaeleza kwa nini huko chini.

Nimesoma kila nilichoweza kukisoma. Kilichonitoa machozi ni kazi ya Mario Parra na wenzake, iliyotoka mwaka 2010 kwenye jarida la Brain. Walipima watu wa familia kubwa ya Antioquia, Kolombia, yenye badiliko la PSEN1 linaloitwa E280A. Waliwaonyesha maumbo kwenye kioo cha kompyuta kwa muda mfupi, yakaondolewa, kisha wakaulizwa kama yaliyorudi ni yale yale. Kwa maumbo peke yake, waliobeba badiliko hilo lakini bado wazima walifanya sawa na ndugu zao wasiokuwa nayo. Kwa rangi peke yake, sawa pia. Ilipofika kuunganisha umbo hili na rangi ile, wakaanguka. Watu ambao hawajaugua, wanaokwenda kazini, wasio na lalamiko lolote. Uzee wa kawaida hauharibu kipimo hicho, na hata sonona haikiharibu.

Nilisoma saa saba usiku nikaamka nikaenda kufungua kabati la kanga, nikakaa sakafuni.

Watafiti wengine, wa Queen Square, London, walichapisha 2018 utafiti wa namna nyingine kwa familia kama hizi. Waliwapa watu orodha ya maneno, hadithi na mchoro. Baada ya nusu saa wenye badiliko la jeni walikumbuka kama wenzao. Baada ya siku 7 walikuwa wamepoteza zaidi. Kwa wastani walikuwa miaka 7 hivi kabla ya umri waliotarajiwa kuanza kuugua. Sasa fikirieni chumba cha daktari: unaambiwa maneno matatu, baada ya dakika tano unaulizwa, unajibu, unaruhusiwa. Nani atakupigia wiki ijayo?

Na wapo DIAN, mtandao wa utafiti wa familia hizi unaosimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis. Mwaka 2012 walitoa ratiba inayohesabiwa kurudi nyuma kutoka umri ambao mzazi alianza. Miaka 25 kabla, protini ya amiloidi kwenye maji ya uti wa mgongo inaanza kushuka. Miaka 15 kabla, amiloidi inaonekana imejikusanya kwenye ubongo. Miaka 10 kabla, kumbukumbu ya matukio inaanza kupungua kwenye vipimo.

Mimi nina miaka 31. Mama alianza 51. Kama ninayo, kitu kimeshaanza na mimi hapa natandika kitanda, nachemsha chai, napanda mwendokasi.

Tuko watoto wanne. Ndiyo maana naandika. Kama kwenu wapo wawili watatu walioanza kusahau kabla ya 60, msisubiri mtu asahau jina lake. Angalieni kazi aliyoizoea, na hasa mahali ambapo vitu viwili vinatakiwa kukaa pamoja: mteja na deni lake, dawa na saa yake, funguo na mlango wake, stori na mtu aliyeshasimuliwa. Andikeni tarehe. Mkienda hospitali mwende na maandishi.

Kaka wa Tandika

Pole sana dada. Hiyo ya pantoni imenikaa kifuani.

Naomba kuuliza. Baba yangu ameanza kusahau akiwa na 79. Anauliza kitu kimoja mara sita. Je, na sisi tunayo hiyo 50 kwa 100? Maana toka nimesoma sijala.

Daktari wa Zamu

Kaka, kula kwanza. Nafanya kazi wodi ya ndani hapa Dar, ngoja nikujibu kabla mleta uzi hajachoka.

Aliyeanza akiwa na 79 na kabla yake hakuna mlolongo kwenye ukoo, huyo hayuko kwenye kundi la akina mama yake dada. Kuna jeni nyingine inaitwa APOE, iko kwenye kromosomu ya 19, ina aina tatu: E2, E3, E4. Uhusiano wa E4 na Alzheimer ulijulikana 1993. Hii haiamui, inaongeza uwezekano tu. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, nakala moja ya E4 huongeza uwezekano mara 2 hadi 3, na nakala mbili mara 8 hadi 12. Wapo wenye mbili wanaozeeka na akili zao timamu, na wapo wasio na hata moja wanaougua.

Na kwetu Waafrika habari si ile ile. Prof. Adesola Ogunniyi wa Ibadan, Nigeria, na Hugh Hendrie wa Indianapolis, Marekani, waliwafuatilia wazee wa Kiyoruba na wazee Wamarekani weusi kwa njia moja. Matokeo ya 2001: kwa mwaka, wapya wa Alzheimer walikuwa 1.15 kwa kila 100 Ibadan, na 2.52 Indianapolis. Na E4 ambayo ipo kwa wingi Afrika, kule Ibadan uhusiano wake na ugonjwa ulikuwa dhaifu. Kwa hiyo mtu wa Tandika asichukue namba ya mzungu akajihukumu nayo.

La kufanya kwa baba ni presha, sukari, masikio na macho yake. Kamisheni ya jarida la udaktari la Lancet ya 2024 ilihesabu mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na kwa pamoja yanahusishwa na karibu asilimia 45 ya demensia yote, yaani magonjwa ya kupoteza kumbukumbu na akili, Alzheimer ikiwemo. Kutosikia vizuri ni mojawapo, na ndilo tunalolipuuza kuliko yote. Mzee asiyesikia anaachwa kwenye mazungumzo, anakaa kimya, miaka inapita.

Mleta uzi, mama alipigwa picha ya kichwa?

MpindaKanga

Asante daktari, Mungu akubariki. Ndiyo, alipigwa MRI. Tulionyeshwa sehemu mbili za ndani, huku na huku, zinazoitwa hipokampasi, zinazohusika na kumbukumbu, zimesinyaa kuliko umri wake. Daktari aliweka picha ya mwanamke mwingine wa umri huo pembeni bila jina. Hata mimi nisiyesoma udaktari niliona.

Kaka wa Tandika, mpeleke mzee, na wewe ule.

Mzee wa Mapipa

Binti yangu, pole. Mimi nina miaka 68 na nimekusoma mpaka mwisho kwa miwani. Sikatai hospitali, nimetibiwa sana huko. Lakini bibi, kisha mtoto mkubwa, kisha mama yako. Watatu kwa mstari, tena wanawake watupu. Sisi wazee tukiona hivyo tunauliza ukoo umekosea wapi. Mlikwenda kwa wazee wenu mkauliza?

MpindaKanga

Shikamoo baba. Nashukuru kwa kusoma mpaka mwisho, na sijachukia swali.

Tulikwenda. Kwa bibi tuliuza mbuzi wawili na shamba la minazi nusu eka. Mke mwenza wake alihama kijiji kwa aibu ya kusingiziwa, akafa mbali na watoto wake. Huyo naye alikuwa mama wa watu, baba. Hilo ndilo linaloniuma nikisikia neno kurogwa.

Na hatuko peke yetu. Ile familia ya Antioquia niliyoitaja, wenyewe huko milimani waliuita ugonjwa huo "la bobera", yaani kupumbaa, na kwa vizazi wakasema ni laana. Daktari wa kwao, Francisco Lopera, akaanza kuwafuata miaka ya 1980, nyumba kwa nyumba, anachora ukoo kama daktari wetu alivyochora zile duara. Leo ukoo huo uliochorwa una watu kama 6,000. Kusahau kwao kunaanza karibu na miaka 44, na demensia karibu na 49. Amefariki 2024 baada ya kuwafuata miaka karibu 40.

Kuhusu wanawake watupu, mjomba wetu pekee alifariki kwa ajali akiwa na 38. Hakufika umri wenyewe.

Mzee wa Mapipa

Marahaba. Nimekuelewa, hasa hapo kwa mke mwenza. Mungu amrehemu.

Nesi wa Temeke

Dada, uzi wako nimeutuma kwenye grupu letu la kazini. Naomba niongeze jambo, maana najua watu wataanza kuwapa wazazi wao majina ya magonjwa leo leo.

Kusahau kuna mengi yanayotibika. Upungufu wa vitamini B12, na wenye sukari wanaotumia metformin muda mrefu wako kwenye hatari hiyo. Tezi ya shingo iliyolala. Sonona. Virusi vya UKIMWI na kaswende iliyokaa muda mrefu bila kutibiwa. Damu iliyovia ndani ya fuvu baada ya kuanguka, na hii nimeiona kwa macho yangu: mzee kaanguka na bodaboda, akainuka, akafuta vumbi, baada ya wiki tano hajui njia ya chooni. Alifanyiwa upasuaji, akili ikarudi.

Na dawa. Jamani, Piriton. Kuna wazazi wanameza Piriton kila usiku wapate usingizi, miaka. Inapunguza kumbukumbu kwa mtu mzima, na amitriptyline vile vile. Mnapokwenda kliniki bebeni mfuko wa dawa zote anazotumia, hata zile za duka la jirani.

MpindaKanga

Nesi, mama alipimwa B12, tezi na damu zote hizo kabla ya MRI. Zote zikawa sawa. Tuliomba Mungu sana moja wapo iwe mbaya, ili itibike.

Mtoto wa Hai

Mimi natoka Hai, Kilimanjaro, nafanya kazi Ubungo. Nataka kusema kuhusu yale maswali ya "leo siku gani".

Kwetu Hai watafiti walipita vijijini kupima wazee, na matokeo yalitoka 2013: katika wenye miaka 70 na zaidi, asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Waliona tatizo la vipimo vya nje. Unampa mzee penseli achore, naye hajawahi kushika penseli maisha yake yote, akishindwa unasema ubongo umeharibika. Wakatengeneza kipimo kifupi kinaitwa IDEA. Hawampi penseli, wanampa njiti za kiberiti. Anaonyeshwa umbo la njiti, linavurugwa, analipanga upya. Na kuna maneno kumi anasomewa, baadaye anaombwa ayarudie.

Babu yangu alipimwa kwa njiti. Alizipanga taratibu huku anazinyoosha moja moja kwa kidole kama anajenga zizi. Maneno kumi hakuyarudisha hata matatu. Ndipo tukajua mikono yake ni mizima na kilichoondoka ni kingine.

Chausiku wa Kimara

Samahani jamani, hicho kipimo cha maumbo na rangi kinapatikana wapi? Nataka nimpime mama mwenyewe nyumbani. Nikimkatia karatasi za rangi haiwezekani?

Daktari wa Zamu

Chausiku, usifanye hivyo. Picha zinatokea kwa muda mfupi uliopimwa, na majibu yanalinganishwa na watu wa umri na elimu kama yake. Ukikata karatasi utapata namba isiyo na maana, na mama atajua anapimwa. Ukirudia mara ya tatu atakuwa ameshajifunza mchezo.

Fanya alivyofanya mleta uzi. Mgonjwa akija na daftari lenye tarehe, "tarehe fulani alipika wali akaweka chumvi mara mbili, tarehe fulani alimlipa muuza maji mara mbili", nakaa nalo muda mrefu kuliko fomu yoyote. Na ulizia kitu cha wiki iliyopita: harusi mliyokwenda Jumamosi, alikaa na nani, alitoa zawadi gani. Uliza kama mtoto anayepiga stori na mama yake.

Binti wa Nne

Dada, mimi niko kama wewe. Baba, shangazi, babu. Sijawahi kuandika popote.

Mimi sitapima. Nina miaka 29, nina mtoto wa miaka miwili, na nikiambiwa ndiyo sijui nitaamkaje asubuhi inayofuata. Dada yangu anataka kupima na ananiambia mimi ni mwoga. Hatuzungumzi tangu Pasaka. Naomba uniambie, wewe kwa nini damu ya mama hamjaipeleka?

MpindaKanga

Mdogo wangu, ngoja nikujibu taratibu.

Mama akipimwa na badiliko likaonekana, sisi wanne tutakuwa tumeshaambiwa nusu ya jibu bila kuomba. Kaka yangu mdogo ana miaka 24. Aliinuka siku ile kwa daktari, akatoka nje, nikamkuta kakaa ukingo wa mtaro ameshika kichwa. Akaniambia, "Dada, mkijua msiniambie. Mkiniangalia nitajua." Nimekaa na neno hilo mwaka mzima. Kweli kabisa, uso wangu ungemwambia.

Daktari alitueleza kwamba kwa magonjwa ya namna hii mtu mzima hapimwi mpaka amekaa na mshauri, na kukataa kupima ni haki yake sawa na kupima. Dada yako ana haki yake, wewe una yako, na hakuna mwoga hapo. Mpigie dada yako. Usimpigie kuhusu damu, mpigie umuulize anaendeleaje.

Faida ya kujua ipo, sitaki kuificha. Wanaojua wanaweza kupanga uzazi na kazi, na wanaweza kuingia kwenye tafiti za dawa. Baadhi ya dawa za kuondoa amiloidi zimeidhinishwa Marekani, kama lecanemab mwaka 2023 na donanemab 2024. Ni za hatua za mwanzo tu, zinapunguza kasi, na zinaweza kuleta uvimbe na damu kwenye ubongo, zaidi kwa wenye E4 mbili. Haziponyi.

Na kuna mtu mmoja ninayemfikiria nikikosa usingizi. Aliria Rosa Piedrahita de Villegas, wa ukoo ule wa Antioquia. Alikuwa nayo E280A, alitakiwa aanze kwenye miaka ya 40. Akafika miaka ya 70 ndipo kusahau kukaanza. Ubongo wake ulijaa amiloidi, lakini tau, ile protini nyingine, ilikuwa kidogo. Walipomchunguza, mwaka 2019 wakaandika kwamba alikuwa na badiliko adimu la APOE linaloitwa Christchurch, nakala mbili, moja kutoka kwa baba na moja kwa mama. Miaka 30 aliyopewa! Wanatafuta sasa namna ya kuigeuza bahati yake iwe dawa. Jina lake nimeliandika nyuma ya mlango wa kabati la kanga.

Binti wa Nne

Nimempigia. Amepokea.

Kaka wa Tandika

Mzee kapelekwa Jumatatu. Masikio yote mawili yalikuwa yameziba nta, yamesafishwa, na presha ilikuwa 180. Bado anauliza mara sita, lakini jana amecheka stori ya mezani, alikuwa hachekagi. Mleta uzi, mama anaendeleaje?

MpindaKanga

Ahsante kaka, nimefurahi kwa ajili ya mzee.

Mama sasa yuko kwenye hatua ambayo jina langu linakuja na kuondoka. Siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake. Duka tulilifunga, ila nimeleta nyumbani kabati na doti 40 ambazo siuzi. Kila asubuhi baada ya chai namwekea mkeka barazani. Anazitoa zote, anatafuta katikati, anachana doti kwa meno na mikono kama alivyokuwa akifanya miaka yote, mkato unanyooka kama umepigwa rula. Kisha anapinda. Sindano haimchomi. Mkono haujasahau chochote.

Leo alishika ya Wema hauozi ya kijani, yenye korosho. Akasoma jina kwa sauti. Akapapasa mji wake kwa kiganja, akakaa kimya kidogo, akaniuliza, "Hii nyekundu imekwisha?"

Nikamwambia imekwisha, mama. Tangu Jumanne.

"Basi mwambie yule wa Mbagala achukue ya kijani."